Tulipomlilia Mfalme wa Mchanga

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona jangwa. Mwalimu, aliyeandika mchezo wetu wa redio, alifika Kisangani mara moja, na huko aliona mto na msitu, basi. Mimi sijawahi kupita Komanda. Hata hivyo kila Jumamosi jioni, baada ya habari, Bunia ilitusikia tukitembea jangwani na kiu, tukilaani jua, tukipiga magoti mbele ya mfalme asiyekufa. Jangwa lenyewe lilikuwa beseni la plastiki lenye mchanga wa mto Shari. Nilivua viatu, nikaingia ndani ya beseni, nikawa natembea mahali pale pale huku fundi wa mitambo akiisogeza mikro, kile kinasa sauti chake, karibu na miguu yangu.

Shida yetu ilikuwa mvua. Studio ilikuwa chumba kidogo. Ukutani tulikuwa tumetundika mablanketi ili sauti isirudi, lakini juu kulikuwa na mabati matupu. Mtu anasema, "Katika nchi hii mvua haijanyesha tangu enzi za babu wa babu yangu," na papo hapo mabati yanaanza kunguruma. Tunakaa chini, tunakula karanga, tunamngoja Mungu amalize. Ufalme ule wa mchanga ulichelewa sana kupinduliwa kwa sababu ya mvua ya Ituri.

Mfalme wetu alikuwa fundi wa kushona nguo, mzee mwembamba mwenye sauti nzito ambayo sijui aliiweka wapi ndani ya kifua kile. Katika mchezo alikuwa amenyakua visima vyote vya nchi, na alikuwa ametawala miaka mingi hadi waliokuwa wakiihesabu walikufa wakaacha. Yeye hakufa. Tulimpa sumu, akaomba aongezewe. Tulimchoma mkuki kifuani, akauchomoa mwenyewe, akampa mlinzi na kumwambia aupeleke ukanolewe vizuri. Mimi nilikuwa mwanamke mchota maji, kiongozi wa mapinduzi, na kila Jumamosi nilishindwa.

Baada ya mchezo watu walikuwa wanapiga simu redioni kutoa maoni. Mwalimu alitazamia watatuunga mkono sisi wanyonge. Wapi. Mama mmoja alisema, "Mumuache ule muzee wa batu. Tulisha muzoea." Mwanaume mwingine akaongeza kwamba huyu wa sasa ameshiba angalau, atakayekuja atakuja na njaa mpya. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akauliza kama sisi tulikuwa tumeigiza vibaya. Mimi sikushangaa hata kidogo. Watu wa kwetu wameona wakombozi wengi mno, na kila mkombozi aliomba mbuzi.

Sasa niseme habari za mume wangu, maana bila hizo mchezo huu hauna maana yoyote kwangu. Alikuwa anachimba dhahabu upande wa Djugu, ambako ndiko kwao. Alikuwa anaenda, anakaa, anarudi na vumbi jekundu masikioni, ananiletea kikwembe, kitenge kipya, kama bahati ilikuwa nzuri na maneno matamu kama ilikuwa mbaya. Halafu siku moja watu wenye silaha waliingia pale machimboni, na kila mtu akakimbia upande wake. Wengine walifika Bunia kwa miguu. Wengine walitokea kule ziwani. Yeye hakutokea popote. Mmoja wa wenzake aliniambia alimwona akivuka mto akiwa mzima. Mwingine, nilipomuuliza, aliangalia viatu vyake akasema, "Mama, miye nilikuwa nakimbia. Sikuangalia nyuma." Yule wa kwanza nilimkaribisha chakula. Huyu wa pili niliacha kumsalimu.

Katika ukoo wa mume wangu, mke ndiye anayelia wa kwanza. Kabla yeye hajalia, hakuna anayeruhusiwa kutandika mkeka wala kufunga kitambaa kiunoni, hata mama aliyemzaa marehemu. Mahali ambapo maiti ipo, desturi hiyo haimsumbui mtu: mke anaona, analia, matanga yanaanza. Mahali ambapo maiti haipo, watu wanamngoja mke. Mimi waliningoja. Shemeji yangu mkubwa alikuja, akazungumza juu ya kila kitu isipokuwa kile kilichomleta, akaenda. Mama mkwe alikuja mara nyingi zaidi. Yeye pia alikuwa amekimbia Djugu, akapata chumba nyuma ya nyumba ya ndugu yake hapa hapa Saio, mtaa wetu wa Bunia, si mbali nami. Alikunywa chai, akamuuliza binti yangu habari za masomo, halafu kabla ya kuinuka alinishika goti.

"Mama, moyo yako inasema nini?"

"Inasema iko," nilimjibu. Yupo, anaishi.

Alitikisa kichwa, akashukuru kwa chai, akarudi kwake. Nilijua vizuri anachoniomba na sikumpa. Maadamu sikuwa nimelia, mume wangu alikuwa msafiri aliyechelewa. Nilikuwa mke wa mtu. Majirani waliniuliza "bwana yako ana habari gani?" kwa wakati uliopo, na sikutaka hata mmoja wao aubadilishe. Ndicho kitu pekee nilichobaki nacho kutoka kwake, na nilikilinda kwa ukali.

Basi, alasiri moja Mwalimu alifika studio akiwa na furaha ya kukera. Amepata njia ya kumwondoa mfalme, alisema. Alitusomea. Mfalme hafi kwa sababu hakuna aliyewahi kumlilia. Zamani za kale alitunga sheria kwamba yeyote atakayelia msiba wake atakatwa kichwa, na tangu hapo mauti hayajapata pa kuingilia. Kwa hiyo wananchi watakusanyika mbele ya jumba lake, yeye mwenyewe akiwaangalia, watatandika mikeka, watamlilia, watanyoa vichwa, watapika chakula cha matanga, watakula, watarudi makwao kama watu waliokwisha kuzika. Mfalme ataamrisha na hakuna atakayegeuka, kwa maana aliyeliliwa hawezi tena kutuma mtu kumletea maji. Na yule atakayeanza kulia, wa kwanza kabisa, ni mwanamke mchota maji.

Fundi wa kushona alipiga makofi. Mimi nilimkazia Mwalimu macho.

"Mwalimu, hii umeitoa wapi?"

"Mu kichwa," alisema.

"Kichwa ya nani?"

Akafuta miwani tena. Saio nzima ilijua habari zangu, na yeye anaishi avenue ya pili. Aliapa kwamba hakunifikiria hata kidogo. Labda ni kweli. Waandishi wanaokota vitu vya watu bila kujua, kama mbuzi anavyopita sokoni. Nilikasirika, lakini karatasi nilizichukua. Nilijiambia kwamba huyu ni mfalme, na kumlilia mfalme ni kazi kama nyingine. Nilikuwa nimekwisha kumlilia punda aliyekufa kwa kiu ndani ya beseni, na hakuna punda wa mtu aliyepata madhara.

Kwa msiba wa mfalme zilihitajika sauti nyingi. Mwalimu alienda kwenye kambi ya deplase, wale waliokimbia vijiji vyao, pale pembeni ya mji, akaomba akina mama watakaopenda kusikika redioni. Walikuja wamevaa vikwembe vyao vizuri, wanacheka, wanagombania nani atakaa karibu na mikro. Studio haikuwatosha, tukaazima jumba la mazoezi la korali, kwaya ya kanisa. Mbingu ilikuwa safi. Mwalimu aliwaeleza: mnamlilia mfalme mbaya aliyewanyima maji, mama huyu ataanza, nyinyi mtamfuata, nikiinua mkono mnanyamaza.

Mzee mmoja wa kike aliyekaa nyuma aliuliza, "Tulie kwa roho ao kwa kinywa?"

Mwalimu alifikiri kidogo. "Kwa roho, mama. Lakini kidogo."

Nilipiga magoti. Fundi wa kushona alikaa kwenye benchi na karatasi yake. Kazi yake ilikuwa kutucheka mwanzoni, halafu kuogopa, halafu kutubembeleza. Nilijitupa chini kama ilivyoandikwa, nikaita, "Ee mfalme wetu, umetuacha na nani?" Akina mama wakaitikia. Kilio cha kwanza kilikuwa cha mchezo, kila mtu angetambua: kilikuwa kizuri mno, na wawili walikuwa bado wanatabasamu. Nikaita mara ya pili.

Ndipo yule mzee wa nyuma alikaa kwenye saruji, akafungua kilemba chake, akakifunga kiunoni, akamwita mtoto wake. Alimwambia kwamba alimwacha katika shamba la maharage kwa sababu mgongoni alikuwa na yule mdogo na mikono yake ilikuwa miwili tu. Alimweleza hivyo, polepole, kama mtu anayetaka kueleweka. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa anamlilia mfalme. Mmoja alikuwa anamuuliza baba yake nani alimfunika. Mwingine alimgombeza dada yake kwa kurudi nyuma kuchukua sufuria. Wote walikuwa wamekimbia bila kuzika, na tangu walipofika mjini walipewa sabuni, maturubai na mafuta ya kupikia, lakini hakuna aliyewapa mahali pa kukaa chini na kulia. Mwalimu akainua mkono. Akabaki ameuinua vile vile, maana hakuna aliyekuwa anamwangalia. Fundi wa kushona aliweka karatasi yake kwenye benchi. Kile kicheko cha mfalme hakikutoka.

Na mimi nilisikia sauti moja juu ya nyingine zote. Ilikuwa inamlaumu mwanaume kwamba alisema anaenda kumaliza shimo moja tu na kurudi kabla ya sherehe za shule, kwamba mtoto amepita darasa na hakuna wa kumsifu, kwamba shati lake jeupe limeliwa na panya kwa sababu nilikataa kumvalisha mtu mwingine. Sauti ile ikamtaja jina. Niliifahamu mwisho kabisa, wakati koo lilikuwa linaniuma.

Tulipomaliza, akina mama walinawa nyuso, wakanywa soda, wakala mkate walioandaliwa, na baadhi yao wakaanza kucheka tena. Waliniaga kwa kunishika mikono miwili. Mwalimu alikuwa mweupe midomoni. "Hii hatuwezi kuirudilia," alisema, na alikuwa na haki. Sauti zote zilikuwa zimeingia katika mikro moja, huwezi kuchambua ya huyu na ya yule. Mimi nilimwambia fundi wa mitambo aondoe jina la bwana yangu, basi. Akaliondoa, akanivalisha vile visikilizio vya masikioni ili nihakikishe. Pale jina lilipokuwa pakabaki pumzi tu. Nikaridhika. Nilidhani jina ndilo lenye hatari.

Jumamosi ulipopigwa mchezo ule nilikuwa peke yangu nyumbani, napiga pasi. Nilisikiliza mpaka kilio cha kwanza, nikazima. Binti yangu aliporudi aliniambia kwamba njiani, kila nyumba aliyopita ilikuwa imenyamaza kusikiliza, hata kwa wauza makala, wale wa mkaa. Nilijisifu kidogo moyoni, sitaficha. Hatimaye tulikuwa tumemshinda mfalme.

Kesho yake, Jumapili, baada ya misa, nilikuwa nafua uani. Niliona watu wa ukoo wanaingia kwenye kiwanja changu bila kubisha. Shemeji alikuwa mbele, na nyuma yake vijana wawili wamebeba bashi, lile turubai kubwa linalofungwa nje ya nyumba yenye msiba. Walianza kulifunga kwenye ukingo wa paa langu na kwenye mti wa parachichi. Hakuna aliyeniuliza kamba iko wapi; walikuja na zao. Jirani wa upande wa kulia alikuwa tayari anapitisha viti juu ya uzio.

"Semeki, munafanya nini?" nilimuuliza shemeji.

"Tulikusikia," alisema kwa upole. "Siye bote tulisikia."

"Ile ilikuwa teatre. Nilikuwa nalilia mufalme."

"Mufalme ana shati nyeupe ya kuliwa na panya?"

Nilimwambia kwamba jina halikutajwa. Nilimwambia amuulize Mwalimu, amuulize fundi wa mitambo, nina mashahidi. Nilipaza sauti mpaka wale vijana wakashusha mikono. Shemeji hakupandisha yake. Alisema kwamba mke analia kwa koo, na koo langu wanalifahamu tangu siku ya arusi. Kama nilikuwa nalia kwa mchezo, basi niape hapo mbele yao kwamba mimi kwa roho yangu naamini ndugu yake anaishi. Ningeapa. Nilifungua mdomo ili niape. Nilitafuta ile "iko" yangu ambayo nilikuwa nimeitoa kila mara bila shida, na haikuwepo. Nilikuwa nimeitumia yote pale kwenye jumba la korali, sakafuni, mbele ya watu nisiowajua.

Wakati ule ule mama mkwe aliingia. Alikuwa amepanda moto, pikipiki ya kukodi, na mkeka uliokunjwa magotini. Alinijia moja kwa moja, akashika mikono yangu ikiwa bado na povu la sabuni.

"Aksanti, mama," alisema. "Nilichoka kungojea."

Nilimchukia. Niseme wazi: kwa muda wa pumzi moja nilimchukia yule mama kuliko wale wenye bunduki. Yeye akatandika mkeka wake penye kivuli cha bashi, akakaa, akanyoosha miguu, akamwita mtoto wake. Sijawahi kusikia mtu akilia vile, bila haraka, na maneno yamepangika, maneno aliyokuwa ameyaandaa siku zote alizokuwa anakunywa chai yangu na kuuliza habari za masomo. Alikuwa ameyabeba mpaka kwangu, na kila mara nilimrudisha nayo. Sikuweza kuendelea kumchukia. Nilikaa karibu naye na mikono ikiwa imelowa.

Binti yangu alirudi kutoka korali. Alisimama kwenye mlango wa kiwanja akaliona bashi, na hakuna aliyehitaji kumwambia kitu, watoto wa hapa wanajua bashi linasema nini. Alivua viatu. Alikuja akakaa nyuma yangu na kuegemeza paji la uso mgongoni mwangu. Nilitaka kugeuka na kumwambia kwamba kuna makosa, kwamba tutalirekebisha, na sikuweza.

Waliweka picha ya mume wangu kwenye meza ndogo, ile ya arusi, wakanikata humo nisionekane. Walininyoa. Nilifungwa kitambaa cheusi, nikakaa, nikawa mtu wa kuletewa maji. Nyuma ya nyumba walizika shati lake jeupe kwa kukosa kingine, pamoja na yale matundu ya panya.

Watu wa redio walikuja kutoa pole. Fundi wa kushona alikuja na suti, akapewa kiti kizuri kwa sababu ya umri wake, na watoto wakajificha wasimsogelee. Mfalme tuliyemlilia mbele ya mji mzima alikuwa amekaa chini ya bashi la mume wangu, anakunywa chai, anauliza kama kuna sukari. Nilimpenda mzee yule na bado nampenda, lakini siku ile nilishindwa kumwangalia.

Mwalimu alileta gunia la makala. Alichuchumaa mbele yangu, akasema kwamba mkubwa wa redio hataki mchezo uishe. Watu wanaupenda kuliko wakati mwingine wowote. Kwa hiyo mfalme lazima aendelee. Mahali pangu wamempata msichana mmoja anayesoma matangazo.

"Sijuwe nitamuamusha namna gani," alisema.

"Mwalimu, unamuuliza mujane?"

Aliomba msamaha. Nilimwambia anyamaze, anywe chai yake.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa bado kwenye mikeka. Wageni wa siku za mwanzo walikuwa wamepungua, tulibaki wanawake wa ukoo, tunachambua maharage ya jioni kwenye nyungo. Redio ya jirani ilikuwa inasikika kupitia uzio. Nilisikia beseni langu likitembewa na miguu ya mtu mwingine, hatua nyepesi mno, za mtu asiyejua kubeba maji. Nilisikia kilio chetu, walikuwa wamekirudisha kidogo ili kuwakumbusha wasikilizaji, na ndani yake koo langu mimi. Hakuna aliyeinuka kwenda kuomba redio izimwe. Halafu sauti nzito ya fundi wa kushona ikapiga miayo, kwa raha, kama mtu aliyelala vizuri, na mfalme akauliza watu wake, "Nani huyo mnamlilia?"

Mama mkwe hakuinua kichwa. "Mutoto yangu," akaijibu redio, akatoa kijiwe kwenye maharage, akakitupa nje ya bashi.